Seli haijui kama ni Ramadhani

*TAFAKURI YA RAMADHANI: SIKU YA 13*



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa msikiti wetu, hamjambo na saumu? Alhamdulillah, kumi la kwanza limeshatuaga, sasa tumo katika kumi la pili. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo. Asiyepata nafasi asubuhi aigawe: nusu asome sasa, nusu baada ya adhuhuri.

Tangu mwezi uandame nimetumiwa ujumbe mmoja uleule mara nyingi, na watu mbalimbali. Unasema hivi: kuna Mjapani, wala si Muislamu, amepewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba funga ya Ramadhani inaponya, kwamba ukishinda na njaa mwili unakula seli zako mbovu, unatoa sumu zote na unaua saratani. Mwisho umeandikwa: tuma kwa watu kumi. Na kila anayenitumia huongeza swali lake: "Sheikh, hii ni kweli? Kama ni kweli si tuisome kwenye khutba?"

Swali ni zuri na nitalijibu. Ila ndani yake limejificha swali la pili, na hilo ndilo kubwa: *hivi sisi tunafunga kwa sababu gani?* Na kama njaa inaufaa mwili, je, faida hiyo ndiyo saumu yenyewe?

*Tuanze na habari yenyewe*

Mjapani yupo, na tuzo ni ya kweli. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake bila mwenza. Lakini hakuchunguza Ramadhani, wala hakuchunguza watu waliofunga. Alichunguza hamira. Naam, hamira, jamii ileile mama zetu wanayoumulia maandazi na mkate wa kumimina.

Hamira ni kiumbe hai cha seli moja. Ndani ya seli hiyo mna kifuko kikubwa ambacho wataalamu wengi wa wakati ule walikiona kama jalala tu. Ohsumi alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1988, akiwa na miaka 43, alitaka kujua kile kifuko kina kazi gani. Akachukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kusagia vitu humo kifukoni, akazinyima chakula, kisha akatazama kwa hadubini. Baada ya saa chache kifuko kilikuwa kimejaa vifurushi vidogo vidogo. Seli ilikuwa inafungasha vipande vya mwili wake wenyewe na kuvipeleka kwenda kusagwa. Kwa kuwa vimeng'enya havikuwepo, vifurushi vilirundikana bila kuyeyuka, na ndiyo maana akaweza kuviona. Alichapisha habari hiyo mwaka 1992, na mwaka uliofuata akatangaza jeni 15 ambazo kazi hiyo haiwezi kufanyika bila ya hizo.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina tangu zamani. Christian de Duve, mtaalamu wa Ubelgiji, ndiye aliyegundua kwamba seli za wanyama zina vifuko vidogo vyenye tindikali na vimeng'enya, vinavyoitwa laisosomu. Hiyo ilikuwa mwaka 1955. Mwaka 1963 akakiita kitendo hiki otofajia, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila mwenyewe.

Kwa hiyo ujumbe ule una ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi mpaka hauliki.

*Seli ikinyimwa chakula inafanya nini?*

Nieleze taratibu kama darasani, maana sayansi ikielezwa vibaya inatisha watu bure.

Mwili wako umejengwa kwa seli, na sehemu kubwa ya kazi za seli hufanywa na protini. Protini ni kama ukuta, na matofali yake yanaitwa asidi amino. Ukila maharage, samaki au maziwa, tumbo linaubomoa ukuta wa chakula, matofali yanaingia kwenye damu, na seli zinajengea kuta zao. Wakati huohuo kongosho linatoa insulini, homoni inayopeleka habari mwilini: chakula kimeingia, jengeni, wekeni akiba. Ndani ya seli ipo protini inayoitwa mTOR. Hiyo tuichukulie kama msimamizi wa ujenzi. Maadamu matofali yanaingia na insulini ipo, msimamizi anaendesha ujenzi na amefunga mlango wa ubomoaji.

Sasa chakula kikatike. Insulini inashuka, na homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, inapanda. Ini linaanza kutoa sukari lililoiweka akiba. Msimamizi akiona matofali hayaji, ananyamaza. Hapo ndipo mlango wa ubomoaji unapofunguka. Ndani ya seli unaota utando mwembamba, unajikunja kama mtu akunjavyo kiganja ateke maji, unazingira kipande cha seli, kisha unafunga mdomo na kuwa kifurushi. Ndani ya kifurushi huenda mna protini zilizochakaa, au vinu vya nguvu vilivyoharibika ambavyo wataalamu wanaviita mitokondria. Na wakati wa njaa, mara nyingi mnaingia hata vitu vizima, kwa sababu utando unachota kilicho karibu. Kifurushi kinaungana na laisosomu, vimeng'enya vinayeyusha kilichomo, na matofali yanarudishwa. Mengine yanajengea protini zinazohitajika zaidi kwa wakati ule. Mengine yanachomwa kuwa nguvu. Kwenye ini, mengine yanageuzwa sukari ya kulisha ubongo.

Zingatieni hapo: mwili hauli "seli mbovu" kama ujumbe unavyodai. Ni seli hai inayojila sehemu zake yenyewe ili isife.

Na kwa viumbe wanaonyonyesha, jambo hili limeonekana wazi kabisa kwa panya. Mwaka 2004 Noboru Mizushima na wenzake, huko Japani, walichunguza panya wachanga. Hebu fikirini hali ya kichanga. Tumboni analishwa kwa kitovu saa zote. Anazaliwa, kitovu kinakatika, na maziwa bado hayajaanza kumtosha. Hapo katikati pana njaa, njaa ya kwanza ya maisha. Wakaona kwamba mara tu baada ya kuzaliwa, otofajia inapanda sana kwenye moyo, kwenye msuli wa kupumulia na viungo vinginevyo, halafu katika siku moja au mbili inarudi hali ya kawaida. Wakachukua na panya waliozaliwa bila jeni moja muhimu ya kazi hii. Kwa macho walikuwa karibu sawa na wenzao. Lakini bila kunyonya waliishi saa 12 hivi, ilhali panya wa kawaida, nao bila kunyonya, walifikia saa 21 hivi. Walipolishwa maziwa kwa lazima, wale dhaifu waliishi zaidi.

Subhanallah. Daraja kati ya kitovu na ziwa, kiumbe analivuka kwa alichonacho ndani. Na sisi nasi ni katika viumbe wanaonyonya, tumezaliwa na jeni za kazi hiyohiyo. Mwenye kuona hili asiseme chochote, huyo amelala.

*Sasa swali lenyewe*

Lakini angalieni. Panya yule hakunuia. Hamira ya Tokyo haikula daku. Na kazi ikafanyika vilevile.

Chukueni watu watatu. Wa kwanza amefunga Ramadhani kwa imani. Wa pili ni kibarua, hajala tangu jana usiku kwa sababu kazi haikupatikana na nyumbani hamna kitu. Wa tatu anataka kupunguza kitambi kabla ya harusi ya kijana wake. Tuseme ungeweza kuchungulia ini la kila mmoja saa kumi na moja jioni. Usingeweza kujua yupi ni yupi. Kwa wote insulini imeshuka, glukagoni imepanda, akiba ya sukari inapungua. Seli haijui kama ni Ramadhani. Seli inajua tu kwamba chakula hakijaja.

Kwa hiyo, kama thamani ya saumu ingekuwa katika kinachotokea ndani ya seli, hawa watatu wangekuwa sawa mbele ya Mwenyezi Mungu, na panya wa maabara angekuwa wa nne wao. Akili inakataa, na dini inakataa.

Tuligeuze swali upande wa pili. Ipo dawa inaitwa rapamaisini. Ilipatikana kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, na hospitalini hupewa waliopandikizwa figo ili miili yao isikatae kiungo kipya. Dawa hii inamnyamazisha yule msimamizi, mTOR, na kwa njia hiyo inaweza kuamsha otofajia bila njaa. Haya, mtu akimeza rapamaisini baada ya kunywa chai na chapati, amefunga? Mtoto wa madrasa atakucheka ukimuuliza.

Basi tumepata mambo mawili. Njaa bila nia inaleta kitendo cha seli, na haileti saumu. Dawa bila njaa inaweza kuleta kitendo cha seli, na haileti saumu. Maana yake ni kwamba saumu ni kitu kingine kabisa, hata kama vinatembea njia moja kuanzia alfajiri mpaka magharibi.

*"Kwani kutaja faida kuna ubaya gani, Sheikh?"*

Hakuna ubaya. Wanazuoni wetu wa usul wametusaidia hapa kwa kutenganisha vitu viwili: *illa* na *hikma*. Illa ni ile sababu ambayo hukumu imetundikwa juu yake. Hikma ni manufaa yanayoonekana ndani ya hukumu. Mfano wao mashuhuri ni wa msafiri. Msafiri ameruhusiwa kufungua. Hikma tunaiona: safari ina mashaka. Lakini ruhusa haikutundikwa kwenye mashaka, imetundikwa kwenye safari. Ndiyo maana aliyekaa kwenye ndege yenye kiyoyozi anayo ruhusa, na mchukuzi wa bandarini anayetoka jasho kuliko yeye hana ruhusa hiyo ya safari. Huyu akifikia kuhofia madhara, basi ana hukumu yake nyingine.

Saumu nayo iko hivyo. Suratul Baqara, aya ya 183, imetaja lengo la kufaradhishiwa saumu, nalo ni uchamungu. Ini halikutajwa. Kama mwili nao unapata chochote, hiyo ni hikma mojawapo, na tunasema alhamdulillah. Lakini anayeijenga ibada yake juu ya habari za maabara amejenga nyumba kwenye kiwanja cha kupanga. Siku mwenye kiwanja akija na matokeo mapya, nyumba inavunjwa. Na matokeo mapya huja, kwa sababu sayansi ndivyo inavyokwenda: leo inasema, kesho inajisahihisha, na hiyo ni sifa yake nzuri.

Isitoshe, hata huo ujumbe wenyewe unasema zaidi ya wanavyosema wenye elimu. Panya ni mnyama mdogo. Siku moja bila chakula kwake ni jambo zito kuliko kwako wewe. Sisi huku tunafunga kama saa 13 na kitu, na kwa binadamu hakuna saa iliyothibitishwa ambayo unaweza kusema, "sasa otofajia imeanza." Wanaokuandikia "saa ya 16 seli zinaanza kusafishwa" wanakupa namba kwa sababu namba inashawishi.

Nasisitiza hili kwa sababu dini ya haki haihitaji kusaidiwa na uongo. Suratul Hujurat imetuamuru tuchunguze habari kabla ya kuzifanyia kazi. Na Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba kusimulia kila tunachokisikia kunatosha kumwingiza mtu kwenye uongo. Kidole kinachobonyeza "tuma" nacho kimefunga.

*Chumvi inapogeuka sumu*

Mtasema: ni ujumbe tu, utamdhuru nani?

Kuhusu saratani, jambo lenyewe lina pande mbili. Kazi hii ya seli inasaidia kuzuia uharibifu mwanzoni. Lakini uvimbe ukishakuwepo, seli za saratani nazo hutumia njia hiyohiyo kustahimili pale chakula na hewa vinapopungua. Chombo ni kilekile, kinamsaidia yeyote aliyenacho. Mgonjwa akiacha matibabu kwa kutegemea njaa, amejidhulumu.

Na wiki hii kijana mmoja wa jamaa zetu alinijia baada ya alasiri. Baba yake ana kisukari, anachoma insulini, na daktari alishamwambia asifunge. Mzee akaletewa ujumbe ule kwenye simu, akauamini kuliko daktari. Alfajiri akachoma sindano kama kawaida, lakini hakula, kwa hoja kwamba njaa itamsafisha. Kabla ya adhuhuri mkewe akamkuta anatokwa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Wakamnywesha maji ya sukari wakati bado anaweza kumeza, wakamkimbiza hospitali. Alhamdulillah, amerudi nyumbani.

Nilikwenda kumjulia hali. Nikamwambia: "Mzee wangu, aliyetuamrisha sisi tufunge ndiye huyohuyo aliyekuruhusu wewe ule." Aya ya 184 na ya 185 zipo palepale baada ya ile ya 183, na zinamtaja mgonjwa, na zinatueleza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Mzee akanyamaza. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo mimi mwaka huu sina langu? Wenzangu wote wanasafishwa, mimi nimeachwa?"

Jamaa zangu, swali hilo liliniuma. Angalieni ujumbe wa kwenye simu ulivyomfanyia mtu mzima: umemfanya aone kwamba rukhsa ya Mola wake ni hasara, na kwamba aliyekula kwa utiifu yuko chini ya aliyeshinda na njaa.

Nilimjibu mambo mawili. La kwanza la kifiqhi: mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kuondoka, asiyeweza kufunga wala kulipa, anatoa fidia, analisha maskini kwa kila siku. Fidia yake ni ibada kamili. Mkono wake unamshibisha yule kibarua wetu wa pili, ambaye njaa yake haikuwa na nia wala hiari.

La pili nililichukua hukohuko kwenye sayansi aliyotumiwa. Wale watafiti waliopima panya wenye njaa mwaka 2004 waliona otofajia ikipanda kwenye ini, kwenye misuli, kwenye moyo. Kwenye ubongo hawakuona ikipanda hivyo. Mtu angedhani basi ubongo hauihitaji. Kumbe sivyo. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti, nao wa Japani, waliizima kazi hii kwenye seli za neva za panya waliokuwa wanakula kama kawaida, bila njaa yoyote. Takataka za protini zikarundikana ndani ya seli, seli zikaanza kufa, panya wakapoteza uwezo wa kutembea vizuri. Maana yake ubongo unasafishwa kidogo kidogo kila siku, hata siku ya shibe. Usafi ule hausubiri msimu.

Nikamwambia: "Mzee wangu, hata mwilini mwako usafi muhimu kuliko wote haungoji njaa. Sembuse moyo wako." Akacheka, akaomba chai.

*Tuzingatie nini basi?*

Nimesema otofajia si dalili ya saumu. Sikusema haina mazingatio. Mwenyezi Mungu ametutaka tutazame ndani ya nafsi zetu, na seli ni sehemu ya hizo nafsi. Mimi napata mambo matatu.

*Kwanza*, mlango wa ubomoaji haufunguki wakati unalishwa saa zote. Msimamizi wa ujenzi hanyamazi ukiwa unatia matofali bila kupumzika. Sasa tujitazame. Magharibi tende, uji, sambusa, viazi vya karai. Baada ya taraweh wali. Saa sita usiku tambi na maziwa. Daku tena. Tumekula usiku kuliko tulavyo mchana wa Shaabani, halafu tunatumiana habari za njaa inayosafisha. Imam Ghazali, katika Ihya, alishalieleza hili zaidi ya miaka 900 iliyopita, bila hadubini: mtu akifidia usiku kila alichokikosa mchana, ameipoteza faida ya kufunga kwake, maana kusudi lilikuwa kuivunja shahawa, na yeye kaiahirisha tu mpaka jua lizame.

*Pili*, seli haitupi inachokibomoa. Inakirudisha kiwe kitu kingine. Mimi hapa naiona sura ya toba. Wengi wanaogopa kutubu kwa kudhani watatakiwa kuwa watu wapya wasiojijua. Lakini yule kijana mwenye ulimi mkali wa kutukana kijiweni, ukali ule ukibomolewa, nguvu yake inaweza kuwa ulimi wa kumtetea aliyedhulumiwa. Aliyekuwa anajua kila hila ya mizani sokoni ndiye anayefaa kesho kumlinda mnunuzi asipunjwe. Alichopitia hakikupotea. Kimerudi kuwa matofali.

*Tatu*, na hapa ndipo tunapoachana na seli. Seli imelazimishwa. Hainyamazi kwa hiari wala haijili kwa hiari. Ukiinyima chakula lazima ifanye, na ikishindwa inakufa. Na hata hivyo haiwezi kujila milele. Njaa ikipita kiasi kilekile kilichookoa kinakula misuli, kinakula moyo. Ni daraja la kuvukia, si mahali pa kuishi. Ndiyo maana magharibi tunaharakishwa kufungua, na kuunganisha saumu siku mbili bila kula tumekatazwa.

Wewe hukulazimishwa. Chakula kiko jikoni, mlango umefungwa, hakuna anayekuona, na mkono hauendi. Hiyo hiari ndiyo saumu. Ghazali amezipanga saumu daraja tatu: ya tumbo na tupu, ya macho, ulimi, masikio, mikono na miguu, na ya moyo. Ile ya kwanza ukishinda na njaa mwili nao unafanya ya kwake bila kukuuliza. Ile ya pili na ya tatu hakuna kimeng'enya kinachozifanya kwa niaba yako. Hakuna homoni inayopanda saa kumi jioni ikabomoa kijicho. Hakuna kifurushi kinachojifunga chenyewe kikaondoka na ghiba. Unaweza kumaliza siku 30, ini limefanya kazi yake yote, na yule ndugu yako mliyegombania shamba la marehemu baba bado hamsalimiani. Mtume s.a.w. alishatuonya kwamba wapo wafungaji ambao hawaambulii katika saumu yao ila njaa na kiu. Tukiitazama kwa habari ya leo, huyo mtu amepata alichopata panya.

*Kazi ya leo*

Kabla ya magharibi, kila mmoja akae dakika tano peke yake, simu iwe mbali. Ajiulize: ndani yangu kipo kitu gani kimoja kilichochakaa, ambacho nimekibeba kwa sababu tu sijawahi kukaa nikakitazama? Kimoja tu. Deni ninaloweza kulilipa na sililipi. Mshahara wa msaidizi wa nyumbani niliouchelewesha. Neno nililolisema juu ya mtu, na likasambaa. Kisha aanze kukibomoa leo, kwa kupiga simu, kwa kutuma pesa, kwa kwenda.

Wagonjwa wetu: ongeeni na madaktari wenu, kisha njooni kwa masheikh muulize hukumu ya fidia na ya kulipa. Msiamuliwe na ujumbe usio na mwenyewe. Na walio na wagonjwa nyumbani, kaeni nao wale bila kuona haya. Kula kwao leo ni utiifu.

Na ule ujumbe wa watu kumi, ukikufikia tena, uishie kwako. Mwambie aliyekutumia kwa upole, maana naye alitaka kheri: tuzo ni ya kweli, hamira ni ya kweli, Ramadhani yetu haikuwa ndani yake, na wala haihitaji kuwemo.

Ewe Mola wetu, Uliyetuvusha tukiwa wachanga hatujui kuomba, tuvushe na sasa tunapoomba. Wape shifaa wagonjwa wetu, na utupokelee, aliyefunga na aliyeruhusiwa kula. Washibishe wenye njaa isiyo ya hiari, na utufanye sisi kuwa sababu ya shibe yao. Usitufanye wenye miili iliyosafishwa na nyoyo zilizosahauliwa. Aamin.

Wallahu a'lam. Tukutane taraweh, in shaa Allah. Leo darasa fupi baada ya swala ni la hukumu za fidia, waleteni wazee.